“Punguza tu herufi, zitaingia”: dhana potofu zinazoharibu mifumo yetu

Kila kikao cha kukagua mfumo mpya kina mtu wa kusema hivi: “Kijana wangu, hayo maandishi yamezidi, punguza tu herufi zitaingia.” Nimeyasikia Area C mjini Dodoma, nimeyasikia Kibaigwa, na wasemaji ni watu makini wanaojua kazi zao. Mteja namwelewa, si fani yake. Wanaonikera ni watengenezaji wa mifumo wenzangu wanaoitikia “sawa bosi”, wanafungua faili, wanaandika saizi 11 palipokuwa na 16, kisha wanalifunga wakiamini tatizo limekwisha. Halijaisha. Limehamishiwa kwa mtumiaji.

Tuchukue kitufe kimoja tukipime. Mchoro umeletwa kwa Kiingereza, kitufe kimeandikwa “Add member”. Upana wake pikseli 120, kimo pikseli 40, nafasi ya ndani pikseli 12 kushoto na 12 kulia, kwa hiyo maandishi yamebakiwa na 96. Kwa Arial ya saizi 16, “Add member” inakula kama pikseli 92. Inakaa vizuri, mchoro unapitishwa. Kikija Kiswahili, kitufe kinasomeka “Ongeza mwanachama”, na kwa Arial ileile maneno haya yanataka pikseli 160. Ukilazimisha yakae mstari mmoja ndani ya zile 96, herufi zinashuka hadi saizi 9. Ukiyaruhusu yashuke mstari wa pili, “mwanachama” peke yake linataka karibu 100, kwa hiyo linachungulia nje ya mpaka. Na mistari miwili ya saizi 16, ikiachana kwa kipimo cha 1.5 ya saizi hiyo, inataka kimo cha 48 wakati kitufe kina 40. Umebanwa pande zote na namba mbili zilizoandikwa na mtu aliyekuwa anaangalia neno jingine kabisa.

Kosa liko kwenye kisanduku. Futa ule upana uliokazwa, uweke upana wa chini, yaani min-width. Futa kimo, weka min-height ya 48, ambayo pia inatosha kidole gumba. Nafasi ya ndani iache ilivyo. Kitufe kitatanuka chenyewe hadi pikseli 184, na simu yenye skrini ya upana wa 360 inakibeba bila taabu. Herufi zimebaki 16. Kazi nzima ni mistari miwili mitatu ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ndiyo maana sioni sababu ya mtu kukimbilia saizi 9.

Na saizi 9 anaisoma nani? Fikiria katibu wa ushirika wa wakulima wa zabibu, saa saba mchana, jua la Dodoma linapiga juu ya kioo chenye mikwaruzo, mwanga wa simu umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Anatakiwa ajue kama anabonyeza “Ongeza mwanachama” au “Ondoa mwanachama”. Maneno hayo yanaanza kwa herufi ileile na yanaishia kwa neno lilelile, tofauti yote imo katikati. Ukimpa herufi ndogo hapo, umempa nafasi ya kumfuta mtu kwenye daftari la ushirika.

Wengi wenye macho yaliyochoka wameshaongeza ukubwa wa herufi kwenye simu au kivinjari chao. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na kila mtu, tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kitu kupotea. Ukipanga saizi ya herufi kwa px, yaani pikseli, mtu akiongeza saizi ya msingi ya fonti kwenye kivinjari chake hapati chochote, wewe umeshamwamulia. Tumia rem, kipimo kinachofuata hiyo saizi ya msingi. Ukitumia rem lakini kimo cha kisanduku ukakikaza kwa pikseli, herufi zitakua na kukatwa miguu. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja. Na kwa visanduku vya kujaza, usishuke chini ya 16 hata kidogo: Safari, kivinjari cha iPhone, ikikuta kisanduku chenye herufi ndogo kuliko hapo, inakuza ukurasa wote mara mtu anapokigusa, fomu inakimbilia pembeni.

Chini ya dhana hiyo kuna nyingine inayoilisha: “Shida ni Kiswahili, Kiswahili ni kirefu.” Si kweli kihivyo. “Delete” ni “Futa”, “Close” ni “Funga”, “Login” ni “Ingia”. Tofauti kubwa ni namna kitenzi chetu kinavyobeba sentensi nzima bila kuacha nafasi. Linganisha “Not yet verified” na “Hawajathibitishwa”. Kwa kuhesabu herufi zinakaribiana sana, 16 pamoja na nafasi, dhidi ya 17. Lakini Kiingereza kina sehemu mbili za kukatia, na neno lake refu zaidi lina herufi 8. Chetu ni kipande kimoja. Kwa hiyo usipime safu ya jedwali kwa urefu wa wastani wa maandishi, pima kwa neno refu kuliko yote litakalokaa humo. Wakati wa majaribio mimi najaza “Hawajathibitishwa” kwenye kila safu ya hali kabla sijaangalia kitu kingine, na nakushauri ufanye hivyo pia, skrini ikiwa na upana wa 320.

Hapo ndipo watu wanaibuka na break-all. “Weka word-break: break-all, kila kitu kitajikunja.” Kitajikunja kweli, popote pale, hata kama neno lingeweza kushuka zima mstari wa pili. Inakata “ng’ombe” baada ya “ng”. Mbaya zaidi, inakata namba. Malipo ya 1,250,000 yanaweza kusomeka 1,250, kisha 000 zikakaa peke yake mstari wa chini, na mkulima akaamini amelipwa elfu moja na mia mbili hamsini. Kwa maandishi ya kawaida tumia overflow-wrap: anywhere, ambayo inakata neno pale tu linapokosa mahali pa kukaa. Kiasi cha fedha kipe nowrap, kisikatike kamwe. Na maneno marefu unayoyajua mapema yatilie kistari kilichofichwa, ­, kinachojitokeza neno linapokatika tu. Kiswahili ni rahisi mno kwa hili kwa sababu karibu kila silabi inaishia na irabu: hawaja-thibi-tishwa. Wanafu-nzi, si wanafun-zi.

“Weka nukta tatu mwishoni.” Mkoa wa Dodoma una halmashauri za wilaya sita. Ziweke kwenye orodha nyembamba, ukate kwa nukta tatu, utapata “Halmashauri ya Wilaya ya Ko…” mara mbili, Kondoa na Kongwa, na “Halmashauri ya Wilaya ya Ch…” mara mbili, Chamwino na Chemba. Kwenye simu hakuna kipanya cha kusogeza juu yake ili jina zima lijitokeze. Anza na jina linalotofautiana, andika “Kongwa DC” kama watu wanavyosema, au ruhusu mistari miwili.

“Bonyeza Enter pale unapotaka mstari ukatike.” Unataka ukatike pale kwenye kompyuta yako. Kwenye simu nyingine utakatika mara mbili. Kama ni kichwa cha habari unataka mistari yake ilingane, ipo text-wrap: balance.

“Nimeweka overflow-wrap: break-word na bado maandishi yanasukuma ukurasa.” Yamo ndani ya flex, mpangilio wa CSS wa kupanga visanduku kwa safu. Weka min-width: 0 kwenye kile kisanduku cha ndani.

“Herufi kubwa tupu zinaonekana rasmi.” Zinakula nafasi. “ONGEZA MWANACHAMA” kwa Arial ya 16 inapanda kutoka pikseli 160 hadi karibu 190, halafu mtu yuleyule aliyedai herufi kubwa ndiye atakayerudi kuniambia maandishi hayaingii, nipunguze.