Urafiki wa waliotengwa katika riwaya ya kisayansi ya vijana

Kila skuli ya Unguja na Pemba ina watoto wawili watatu ambao saa ya mapumziko hawana pa kukaa. Hakuna aliyewafukuza. Wakisogea kwenye kundi mazungumzo yanakatika, wakiondoka yanaendelea. Mwisho wake hujikuta pamoja chini ya mwembe au nyuma ya tangi la maji, na wala hawajapendana. Ndipo palipobaki tu. Hivyo ndivyo unavyoanza urafiki wa waliotengwa, na katika riwaya ya kisayansi inayomfuata kijana anayekua, mara nyingi urafiki huo ndio unaobeba hadithi nzima.

Kiswahili kina neno lake kwa mtu huyu: mkiwa. Tunalitumia zaidi kwa yatima na aliyefiwa, lakini mtu anaweza kuwa mkiwa na wazazi wake wote wawili wapo hai. Zanzibar tunakujua kutengwa. Wazee waliopitia zama za siasa, kabla ya Mapinduzi ya 1964, wanazikumbuka siku ambazo watu walisusiana hata mazikoni, na duka la mwenye chama kingine halikanyagwi. Mtoto wa mama anayesemwa kuwa mwanga bado anayaonja hayo. Hapigwi, hatukanwi, ila haalikwi.

Husemwa kwamba ndege wafananao huruka pamoja. Hapa methali hiyo haitusaidii, kwa kuwa waliotengwa hawafanani. Mmoja ana maneno mengi kupita kiasi, mwengine hasemi. Mmoja wa shamba, mwengine wa mjini. Wangeachiwa wachague, wasingechaguana. Ndiyo maana urafiki wao huanza na ukali, hata dharau kidogo: kila mmoja anachelea kuonekana na mwenziwe asije akazidi kushuka. Waandishi wanaoanza hukiruka kipande hiki, wakawafanya waliotengwa wapendane ukurasa wa tatu. Msomaji aliyewahi kukaa chini ya mwembe ule haamini.

Riwaya ya makuzi kwa kawaida humpa kijana mtu mzima wa kumwongoza, babu, mwalimu au shangazi. Aliyetengwa hana mtu huyo, au anaye lakini haaminiki. Kazi ya mlezi inaangukia kwa mtoto mwenziwe, asiyejua zaidi yake.

Sasa sayansi inaingia wapi? Katika riwaya nyengine sababu za kutengwa ni umasikini, rangi, ukoo au maradhi. Riwaya ya kisayansi inaleta sababu ambayo bado haijaonekana duniani, au ipo lakini haijaeleweka, kisha inaifuata kwa kanuni hatua kwa hatua. Ni jambo la tangu zamani. Mwandishi wa Kiingereza Mary Shelley alianza kuandika riwaya yake Frankenstein mwaka 1816 akiwa na miaka 18, ikachapishwa 1818, na kiumbe kilichomo humo hakimwombi aliyekiunda mali wala ufalme. Kinaomba mwenza, kwa kuwa kila aliyekiona amekimbia.

Tutengeneze mfano wa hapa kwetu, maana malighafi tunayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani iliweka kituo Tunguu cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wake wa kwanza wa kupeleka watu angani. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomfuatilia. Mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, kituo kikaondoshwa. Halafu kuna lile giza: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme, baada ya hitilafu katika njia inayouleta kutoka Bara kupitia chini ya bahari. Aliyekuwepo hajasahau mngurumo wa majenereta wala tabu ya maji.

Basi tuseme yupo msichana wa Tunguu, jina lake Mize, ambaye kila akipita chini ya waya za umeme kichwa kinamgonga. Mtaani wanasema ana pepo. Ameshasomewa, ameshapelekwa kwa mganga, na darasani hakai mtu karibu naye. Anakuja Faki, amehamia kutoka Micheweni, Pemba, kwa mjomba wake fundi, na kila akifungua mdomo wenziwe wanaigiza lafudhi yake. Anapewa dawati la Mize kwa sababu ndilo lenye nafasi.

"Usinizoee," Mize anamwambia.

"Kwani nina mwengine wa kumzoea?"

Umeme unakatika. Kisiwa kizima kinanung'unika, Mize analala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu akumbuke. Kichwa kimetulia, na ndani ya utulivu ule anaanza kusikia mdundo hafifu ukitokea upande kilikokuwa kituo cha zamani. Anamwambia Faki. Faki haulizi habari ya pepo. Anauliza: unadunda mara ngapi kwa dakika?

Kwangu mimi dhana yote ya urafiki huu imo katika swali hilo. Wengine wote waliipa hali ya Mize jina, wakamaliza. Huyu anakaa naye kuipima, na kuipima na mtu maana yake umeshamsadiki kabla hujapata jibu. Riwaya ambayo sayansi yake haigusi chanzo cha kutengwa, ambayo chombo cha anga kinatua tu ili watoto wapate safari, inaweza kufurahisha, lakini urafiki uliomo humo ungeweza kuhamishiwa hadithi yoyote.

Faki naye anajua majenereta. Katikati ya giza kila nyumba inamtaka, na wale wale waliokuwa wakimwiga wanamsogezea nafasi barazani na kumwita fundi. Kila nyumba anayoiwashia inamrudishia Mize maumivu. Mtihani wa urafiki huu uko hapo, siku mmoja anapofunguliwa mlango na mwengine bado yuko nje. Faki akiingia, tutamwelewa. Nani asiyetaka kukaa barazani na watu? Akikataa, Mize ataishi na shaka kwamba alikataa kwa huruma.

Wapo wanaoukwepa mtihani kwa kumpa Mize uwezo wa kukiokoa kisiwa, mji ukampigia makofi, wote wakapendwa. Sikubaliani nao. Mwisho wa namna hiyo unamwambia kijana kwamba atapata rafiki akishakuwa na faida, na mdundo wa Tunguu ukija kugundulika kuwa si kitu, bati linalogongwa na upepo tu, Mize bado anahitaji mtu wa kukaa naye dawati moja.

Tusiuchanganye urafiki huu na genge, ambalo lina mkubwa wake na sharti za kuingia. Hapa hakuna aliyeomba kuingia.

Machi umeme unarudi, vigelegele vinasikika mitaa yote. Mwandishi amebakiwa na kurasa chache za kuamua Faki yuko wapi usiku huo, barazani chini ya taa, au kule kwenye minazi zisikofika nguzo, ambako Mize amekaa kichwa amekilaza magotini, akisikiliza kama kuna miguu inayokuja.