Kadeti wa Lanet: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Tangazo la Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) la kusajili watu likitoka magazetini, uvumi hulipita kwa mbio. Wanaoumia zaidi ni vijana waliomaliza kidato cha nne na alama nzuri, wale hasa ambao wangefaa kwenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya pale Lanet, Nakuru, kuwa makadeti, yaani wanafunzi wa uafisa. Baadhi hawaombi kabisa kwa sababu wameambiwa nafasi si zao. Wengine hutafutiwa nafasi na wazazi kwa njia ambayo haipo, na ng'ombe akauzwa.

“Jeshi ni la waliofeli.”

Hili limetokana na kuchanganya ngazi mbili. Kurutu, yaani anayeanza kama askari wa kawaida, anaweza kukubaliwa akiwa na wastani wa D katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Anayetaka kuwa kadeti anatakiwa awe na wastani wa B, tena Kiingereza na Hisabati zisipungue C+. Mwenye B amepita kiwango cha kuingia chuo kikuu, kwa hiyo kadeti ni mtu aliyekuwa na njia nyingine akachagua hii. Na kule Lanet hakuna kupiga kwata tu. Chuo hicho sasa kiko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kilichopewa hati yake mwaka 2021, na kadeti hukalia dawati kama mwanafunzi yeyote.

“Lazima uanze kama askari wa kawaida, upande polepole.”

Sivyo. Makurutu hupelekwa Eldoret, makadeti hupelekwa Lanet. Kadeti akihitimu hutunukiwa kamisheni na kuanza kazi akiwa luteni wa pili. Marehemu Jenerali Francis Ogolla alijiunga na jeshi Aprili 1984, akapewa cheo hicho Mei 1985 katika Jeshi la Wanahewa, na mwaka 2023 akawa Mkuu wa Majeshi. Askari anayehudumu naye anaweza kufika kwenye uafisa, lakini kwa mwanafunzi aliyetoka shule na B yake hakuna sababu ya kuzunguka.

“Siku ikifika, jitokeze uwanjani.”

Kosa hili huwagharimu wengi mwaka mzima. Uwanjani, kule ambako vijana hupanga foleni alfajiri, hukaguliwa meno na kukimbizwa, ni kwa makurutu. Maombi ya kadeti hutumwa mapema kupitia mtandao wa Wizara ya Ulinzi, kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa. Wanaochujwa na kufaa huchapishwa majina yao magazetini, pamoja na mahali na tarehe ya kufika kwa usaili. Asiyefuatilia gazeti anaweza kuitwa asijue. Soma tangazo la mwaka huo lenyewe, usisome la mwaka jana lililohifadhiwa kwenye simu ya binamu.

Jambo jingine linalowaponza vijana ni stakabadhi. Kitambulisho cha taifa kinahitajika, kwa hiyo aliyetimiza miaka 18 asingoje tangazo ndipo aende kukiomba. Na kama cheti cha KCSE bado kimekaa shuleni kwa ajili ya karo, anza kukifuatia leo.

“Ni lazima uwe jitu.”

Urefu unaotakiwa ni futi 5 na inchi 3, yaani mita 1.60. Uzito usipungue kilo 54.5 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Umri ni kati ya miaka 18 na 26. Kinachowatoa wengi ni afya, na hapo hakuna ujanja: madaktari wa jeshi hupima wenyewe.

“Si kazi ya msichana.”

Fatuma Gaiti Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kupata cheo cha meja jenerali, na mwaka 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa. Masharti ya msichana ni yale yale ya mvulana isipokuwa uzito, na asiwe mjamzito wakati wa usajili na mafunzo.

“Bila pesa hupiti.”

Hapa ndipo moyo wangu unauma. Familia huuza shamba au kuchukua mkopo wa chama, zikampa mtu anayejiita kanali, au anayedai kumjua kanali. Yeye hutoa barua ya mwito yenye nembo na muhuri. Kijana hufanyiwa sherehe, akapanda gari na sanduku lake, akafika kwenye lango la kambi, na pale barua ikalinganishwa na orodha. Jina halimo. Kila usajili kuna vijana wanaokamatwa kwa barua feki, na anayekamatwa langoni ni yule aliyeibiwa, kwa maana aliyemwibia ameshazima simu.

Usajili ni bure. Na chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia: kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mzazi, ukiombwa hata “ya chai”, usilipe. Piga ripoti kwa polisi au kwa EACC, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

“Ukikosa mara moja, basi.”

Aliyekosa na umri wake haujapita 26 anaruhusiwa kuomba tena. Na aliyekwenda chuo kikuu kusomea udaktari au uhandisi bado anaweza kuingia kama afisa mtaalamu hadi miaka 30. Makasisi na maimamu hukubaliwa hadi 39.