Je, wajua? Ile miaka 80,000 ya nyotamkia ilitoka wapi

Mwishoni mwa Septemba 2024, mawingu yakiruhusu, aliyetoka swala ya alfajiri akateremka hadi ufuo wa Mama Ngina, Mombasa, aliweza kuiona chini upande wa bahari: nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS. Katikati ya Oktoba ikahamia jioni, upande wa bara, juu ya Changamwe. Simu zikajaa habari kwamba haitarudi hadi ipite miaka 80,000. Lakini iligunduliwa 2023 tu. Nani aliipima miaka hiyo yote?

Kinachotafutwa ni namba sita: tatu za mahali ilipo, tatu za mwendo wake. Ukizipata, mvutano wa Jua unakuamulia njia iliyobaki. Shida ni kwamba picha ya darubini haionyeshi umbali. Inatoa namba mbili tu, yaani nyotamkia iko wapi kati ya nyota ambazo mahali pake panajulikana. Picha za siku tatu tofauti, basi, zinatimiza sita. Na kwa kuwa Dunia nayo imesogea kati ya picha na picha, umbali unaweza kukokotolewa. Mwaka 1801 mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, alikokotoa hivyo njia ya sayari kibete Ceres, iliyokuwa imeangaliwa kwa takriban wiki sita kabla ya kupotelea kwenye mwanga wa Jua. Ilipatikana tena siku ya mwisho ya mwaka huohuo, karibu na pale alipotaja.

Kwa nyotamkia za safari ndefu, zinazochukua zaidi ya miaka 200, wataalamu huanza na njia ya mkato aliyoichapisha mwanaastronomia Wilhelm Olbers mwaka 1797: wanachukulia kwamba njia ni parabola, ya kitu kinachopita mara moja kisirudi. Karibu na Jua, ambako ndiko tunakoiona, parabola na duaradufu ndefu sana, njia ya kitu kinachorudi, karibu zinalaliana.

Hapo ndipo penye kazi. Tsuchinshan-ATLAS ilipita kilomita milioni 58 hivi kutoka Jua tarehe 27 Septemba, kwa kasi ya kilomita 67 hivi kwa sekunde. Ukipiga hesabu, tofauti kati ya kasi ya kurudi baada ya miaka 80,000 na kasi ya kutorudi kabisa ilikuwa, mahali pale, kama mita tatu na nusu kwa sekunde. Hiyo ni mbio ya mtu wa mazoezi ufukweni Nyali! Ndiyo maana vipimo vya miezi mingi hukusanywa na hesabu kurudiwa kila mara. Vipimo hivyohivyo vinavyokuambia bila wasiwasi utazame wapi kesho jioni vinaweza kukosea mwaka wa kurudi kwa makumi ya maelfu.

Tena njiani kuna wasumbufu. Nyotamkia Hale-Bopp ilipita karibu na Mshtarii mwaka 1996, na safari yake ya miaka 4,200 hivi ikapunguzwa hadi kama 2,500. Barafu iliyo ndani ya nyotamkia nayo ikipata joto hufoka gesi, na gesi hiyo huisukuma nyotamkia yenyewe kidogo kidogo.

Ile 80,000 ilikuwa matokeo ya hesabu za mapema, si ahadi, ingawa vichwa vya habari viliiandika kama tarehe ya miadi. Hesabu za baadaye zimeacha wazi uwezekano kwamba Tsuchinshan-ATLAS imeaga Jua moja kwa moja.