Osteoporosisi kwa wanaume: ni nini, na hutibiwaje

Osteoporosisi ni hali ya mifupa kupungua uzito na kudhoofika kwa ndani hadi kuvunjika kwa jambo dogo: kuteleza bafuni, kunyanyua mzigo, hata kukohoa kwa nguvu. Yenyewe haiumi. Mtu hukaa nayo miaka mingi bila habari, na mara nyingi hugundua baada ya kuvunjika nyonga, kifundo cha mkono au pingili za uti wa mgongo. Pingili zaweza kubonyea kimyakimya, mzee akaonekana tu amepungua kimo na mgongo umepinda.

Mfupa ni kitu hai. Kuna seli zinazobomoa sehemu zilizochakaa na nyingine zinazojenga mpya. Ujanani ujenzi hushinda. Baada ya miaka 30 hivi, ubomoaji huanza kuzidi pole pole. Mwanamke hupoteza mfupa kwa kasi hedhi inapokoma. Mwanaume hana mporomoko huo, tena huanza na mifupa minene zaidi, kwa hiyo huchelewa. Kuchelewa si kuepuka: kufikia miaka 65 hadi 70, kasi ya kupoteza mfupa huwa karibu sawa kwa wote. Inakadiriwa kuwa mwanaume 1 kati ya 5 waliovuka miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu hii. Na anayevunjika nyonga ana hatari kubwa ya kufariki ndani ya mwaka mmoja kuliko mwanamke aliyevunjika vivyo hivyo. Hata hivyo wanaume wengi huungwa mfupa na kurudishwa nyumbani bila mtu kuuliza kwa nini ulivunjika kirahisi.

Swali hilo ndilo lenye faida, kwa sababu kwa wanaume mara nyingi kuna chanzo nyuma ya pazia: prednisoloni na steroidi nyingine (dawa za kutuliza uvimbe) zilizotumiwa kwa muda mrefu, pombe nyingi, sigara, upungufu wa testosteroni (homoni ya kiume), tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, matumbo yasiyofyonza chakula vizuri, au sindano za kuzima homoni katika saratani ya tezi dume. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mfupa wa mwanaume hulindwa sana na estrojeni, homoni ijulikanayo kama ya kike, ambayo mwili wake huitengeneza kutokana na testosteroni. Mwaka 1994 madaktari walieleza habari za kijana wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, lakini mifupa ilikuwa dhaifu na bado alikuwa akirefuka.

Ugonjwa hupimwa kwa DXA, eksirei ya mionzi midogo inayosoma uzito wa mfupa wa nyonga na kiuno. Alama T, inayolinganisha mfupa wa mtu na wa kijana mwenye afya, ikiwa -2.5 au chini ya hapo ndiyo osteoporosisi. Baadhi ya miongozo hushauri kipimo hiki kwa kila mwanaume wa miaka 70, na mapema zaidi kwa mwenye vihatarishi.

Matibabu huanza na chanzo, pamoja na kalsiamu na vitamini D ya kutosha, mazoezi ya kubeba uzito na kuzuia kuanguka. Haya peke yake hayamtoshi aliyekwisha kuvunjika. Dawa zinazotangulia ni bisfosfoneti, ambazo hupunguza ubomoaji. Alendroneti humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha mtu asilale kwa nusu saa, la sivyo huunguza umio. Asiyeiweza huchomwa asidi ya zoledroniki kwenye mshipa mara moja kwa mwaka. Figo zikiwa dhaifu sana, zote mbili hazifai. Mwenye mifupa dhaifu mno hupewa teriparatidi, sindano ya kila siku inayojenga mfupa mpya.

Denosumabu, sindano ya kila miezi 6, nayo ni nzuri ila ina sharti: ukiiacha ghafla bila dawa nyingine kushika nafasi yake, mfupa hupotea haraka na pingili kadhaa zaweza kuvunjika kwa mkupuo. Testosteroni hupewa aliyethibitika kupungukiwa nayo, lakini hatari ya kuvunjika ikiwa kubwa, bado huhitaji dawa ya mifupa yenyewe.