Donda lisilopona: yasemwayo na yaliyopimwa

Ukimwambia mtu kwamba kuna chuo kikuu chenye kitengo kizima cha kutafiti vidonda, hucheka. Kidonda nacho kinahitaji profesa? Huko Cardiff, nchini Wales, kitengo cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1991, na hadi leo vidonda havijakosa la kutafitiwa. Mengi tuliyofundishwa utotoni hayakuwa yamepimwa na mtu.

“Kiache wazi kipigwe na upepo, kikauke.” Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na siwalaumu wanaoiamini, maana kigaga kikavu kinatia moyo. Lakini mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha majaribio aliyofanya kwa nguruwe: majeraha mepesi yaliyofunikwa yasikauke yaliota ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi. Seli za ngozi hutambaa kutoka ukingoni. Penye unyevunyevu huteleza. Penye kigaga hulazimika kupenya chini yake. Tahadhari tu: unyevu si kulowa. Bandeji iliyorojeka huharibu hata ngozi nzima ya pembeni.

“Dawa ikichoma, ujue inafanya kazi.” Inafanya, ya kuua. Haidrojeni peroksaidi na spiriti haziwezi kutofautisha bakteria na seli changa inayohangaika kuziba pengo. Jeraha dogo linatosheka na maji safi yanayotiririka.

“Donda ndugu linataka dawa kali zaidi.” Hapa ndipo watu wanapopoteza miaka, wakihama malhamu moja hadi nyingine. Donda lililo juu kidogo ya kifundo cha mguu mara nyingi halianzii kwenye ngozi. Vali za vena, yaani vilango vilivyo ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni, zimelegea, damu inayotakiwa kupanda kurudi moyoni inatuama, shinikizo linaongezeka, mguu unavimba, ngozi inadhoofika hadi inapasuka. Tiba kubwa ya donda hilo ni bandeji ya kubana, kuanzia unyayoni hadi chini ya goti. Wala usikimbilie kujifunga mwenyewe: kama tatizo ni ateri (mishipa inayoleta damu mguuni) zilizoziba, kubana kunaweza kuua vidole. Ndiyo maana mtaalamu hupima kwanza shinikizo la damu kifundoni na kulilinganisha na la mkononi. Kipimo hicho hakimuumizi mtu, na huamua karibu kila kinachofuata.

“Hakiumi, basi si kibaya.” Kwa mwenye kisukari ni kinyume kabisa. Neva za miguu zikifa ganzi, mtu anaweza kukanyaga msumari na kuendelea na safari. Akague nyayo zake kila siku, kwa kioo ikibidi.

“Funza ni aibu.” Wanaojileta wenyewe, sawa. Ila funza wa nzi aina ya *Lucilia sericata*, waliofugwa maabara bila vijidudu, hula nyama iliyokufa na kuiacha iliyo hai. Marekani iliruhusu matumizi yao kitabibu mwaka 2004.

“Ngozi ikifunga, yameisha.” Chini ya kovu ujenzi huendelea kwa mwaka au zaidi, na hata ukikamilika, kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali. Na aliyepona donda la vena bado ana vali zilezile zilizolegea, kwa hiyo soksi za kubana huendelea kuvaliwa hata donda likishafunga.