Injini moja ikizimika wakati wa kuruka
Msafiri wa uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, anaweza kuamini kwamba injini moja ikizimika wakati wa kuruka, ndege lazima ianguke. Sivyo: ndege kubwa ya abiria yenye injini mbili hairuhusiwi kazini mpaka ithibitike kwamba, magurudumu yakishakunjwa, injini moja inaipandisha angalau mita 24 kwa kila mita 1,000 za mbele.

Kabla ya kuruka marubani hukokotoa kasi ya uamuzi, V1. Hitilafu ikitokea chini yake, hukata nguvu na kufunga breki. Ikitokea baada ya kasi hiyo kupitwa, huruka, kwani njia iliyobaki huenda isitoshe kusimama. Rubani hukanyaga pedali ya usukani wa mkia, upande wa injini inayofanya kazi, ili ndege isipinde.

Songwe ina mwinuko unaozidi mita 1,300: hewa nyepesi hupunguza nguvu, kwa hiyo siku ya joto uzito huweza kupunguzwa. Kuhakiki, soma ripoti rasmi za uchunguzi wa matukio; nyingi hutaja V1 na hatua za marubani sekunde kwa sekunde.