Saruji, MDF na mkeka: tunayodanganyana kuhusu kupamba nyumba Unguja na Pemba

Skuizi kila anaehamia nyumba mpya, awe Fuoni awe Chake Chake, anataka rangi ya kijivu, dari ya jipsam yenye taa za LED pembeni, sofa la kona na kabati linalogusa dari. Vizuri vinapendeza na mimi navipenda. Ila kuna maneno yanasemwa mpaka watu washayaamini na yanatuharibia nyumba.

Linaloniuma zaidi ni hili: eti ukuta wa zamani ukipigwa saruji ndo unakuwa imara. Jamani sio! Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, chini hakuna kitu cha kuzuia maji yasipande, kwahiyo unyevu unapanda na chumvi yake na chokaa inauachia utoke taratibu. Ukipiga saruji juu yake, au rangi ya mafuta, umeufungia ndani. Basi unapanda juu zaidi, chumvi inatoka kama unga, plasta inabanduka mapande mapande, na kibaya kuliko vyote vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza. Nyumba ya bibi yetu Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, ilifanyiwa hivo, fundi akaapa haitoguswa tena, masika mawili tu ukuta ukavimba malengelenge, tukabomoa plasta yote tukarudi kwenye chokaa, pesa tukatoa mara mbili. Na zile kuta laini zinazong'aa mnazozitamani kwenye picha za Morocco, zinaitwa tadelakt, ni chokaa hiyo hiyo imesuguliwa kwa jiwe na sabuni! Wenzetu wanailipia, sisi tunaibandua.

Wengine wanasema vyumba vyembamba ni ushamba wa mafundi wa kale, vunja ukuta upate ukumbi mmoja mkubwa. Upana ule ulitokana na urefu wa boriti za mikoko, kama mita 3 hivi au pungufu, na ukuta unaotaka kuuvunja ndo umebeba sakafu ya juu. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, ruhusa inaombwa kabla ya nyundo.

Halafu fanicha. "Ya dukani ndo ya kisasa, ya seremala ya kizee." MDF ni nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi, kwa hewa yetu hii ya bahari na ukipiga deki kila siku maji yanaingia chini, kabati linavimba miguuni, bawaba zinachomoka skrubu na zikishachomoka hazishiki tena. Msaji, yaani mbao ya mtiki, una mafuta yake wenyewe na mchwa hauupendi sana. Lakini nisimpambe seremala bure, mbao mbichi inapinda na mlango haufungi, muulize imekauka muda gani kabla hujatoa advansi. Kama uwezo ni wa MDF nunua, hakikisha kingo zote zimezibwa na uinyanyue juu ya vigae, usiigandishe na ukuta.

Na wanaosema rangi nyeupe inakuza chumba, inategemea mwanga, chumba kinachotazama kichochoro hakina jua na nyeupe tupu inaonekana kama majivu, jaribu rangi ya krimu.

Mkeka nao wanauita wa maskini. Mkeka wa ukindu wa Pemba, ukili umesukwa na kushonwa kwa mkono, unapoza miguu wakati wa kaskazi na unakung'utwa nje vumbi likaisha, zulia nene linanyonya jasho na unyevu likaanza kunuka. Mahoteli wanautundika ukutani, sisi tunauficha uvunguni wageni wakija.

Na vidaka, vile vishubaka vya ndani ya ukuta vya kuwekea vitu, tafadhali msivizibe, maana mtu anaziba kidaka kilichokaa miaka na miaka halafu ananunua rafu ya kutundika, anatoboa ukuta huo huo wa chokaa ambao msumari haukamati, wiki ya pili rafu na vyombo vyote viko chini.